Mlango wa Nyuma Uliozibwa

Siku ile chumbani walikuwapo mama mkwe, aliyekaa mwisho wa kitanda na kuishika miguu ya mumewe kama anayezuia kitu kisianguke. Wifi, mshona sare za shule, aliyekuja mbio na vipande vya uzi bado vimemganda kwenye sketi. Seremala ambaye mtaa mzima humwita Randa, kofia yake magotini. Mwana mkubwa wa nyumba, mwashi, aliyekataa kiti akaegemea ukuta. Mkamwana, yaani mke wa huyo mwashi, na mtoto wake mchanga kifuani. Na pale mlangoni, nusu ndani nusu nje, alikaa mzee mmoja mrefu juu ya kopo tupu la rangi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia avute kiti. Huyo wote walimwita Mzee wa Ng'ambo. Kitandani, mgongo wake ukiwa umeegemezwa mito, alikuwa Sajini mwenyewe, ambaye cheo hicho alirudi nacho kutoka vitani na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lingine.

Mkamwana ndiye aliyetumwa asubuhi kuwaita wote. Kwa wengine alikwenda bila hofu, kwa maana kila mtu alijua mzee anataka kusema maneno yake ya mwisho. Lakini alipoambiwa, "Na yule wa ng'ambo naye aje," alifunga kanga yake upya kabla ya kutoka. Alijua mzee anataka kusema nini, na alijua hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyemwambia.

Ilikuwa hivi. Alikuwa amepeleka chai kwa mafundi kwenye nyumba mpya ya Mzee wa Ng'ambo, kiwanja cha tatu kutoka pale kwao, akaona kwamba mahali palipoachwa wazi pa mlango wa nyuma pamejazwa tofali mpaka juu. Mumewe alikuwa anafuta mwiko wake bila kumtazama mtu. Jioni, alipokuwa anampangusa mzee mgongo kwa kitambaa cha uvuguvugu, mzee akamuuliza nyumba imefika wapi. Akasema imefika linta, ule mkanda wa zege juu ya milango. Mzee akamuuliza kama milango imekaa sawa. Akakikamua kitambaa. Angeweza kusema ndiyo. Lakini mzee huyu, tangu siku ya kwanza alipoingia katika nyumba ile kama bibi harusi asiyejua hata maji yako wapi, hakuwahi kumuuliza swali la mtego, na yeye hakuweza kumdanganya mtu aliyemgeuzia mgongo mtupu. Akasema. Tangu saa ile alikuwa anampakulia mumewe chakula na kuondoka. Mumewe si mtu wa kupiga, lakini ni mtu wa kununa, na akinuna nyumba nzima hutembea kwa ncha za vidole.

Sajini akafungua macho, akawahesabu kwa kuwatazama mmoja mmoja, akaanza.

"Sikilizeni, wanangu. Pumzi niliyobaki nayo si ya kupoteza, kwa hiyo asinikatize mtu ila kwa jambo la lazima, na wewe Randa hasa, zuia mizaha yako mpaka nimalize, na ukishindwa uiume hiyo kofia."

"Naiuma, Sajini," seremala akasema, na kweli akaipeleka mdomoni. Wifi akacheka kwa pua, kisha akajifuta macho kwa ukingo wa kanga.

"Nyumba hii ni ya mama yenu. Si ya mwanangu mkubwa, si ya binti yangu, si ya ukoo. Akitaka kupangisha chumba cha mbele apangishe, akitaka kukaa humu peke yake na kuku wake akae, na asije mtu hapa na maneno ya mama amezeeka, mama twende ukakae kwetu, ili kesho nyumba ipate kuuzwa. Mama yenu alibeba mchanga wa kuta hizi kichwani, akiwa na wewe binti yangu tumboni, na nilipomwambia pumzika, alinijibu kwamba atapumzika chini ya paa. Basi paa hili ni lake, apumzike mpaka achoke kupumzika.

"Kiwanja nilichopewa na jeshi, kile cha nyuma ya shule, ni cha binti yangu. Najua wapo watakaosema mtoto wa kike ana mume. Mume anaye, na kiwanja atakuwa nacho pia, hayo mawili hayagombani. Na wewe binti yangu, ukifika kule utaona jirani amelisogeza jiwe la mpaka upande wetu, upana wa unyayo. Usilirudishe. Kwa ajili ya unyayo ule mimi na yeye tulipishana barabarani miaka na miaka kama watu wasio na macho, mpaka siku moja nikamwona amebeba mwanawe mgonjwa mgongoni, nikamsaidia kumfikisha zahanati, na tulipokuwa tunasubiri kwenye benchi nilimwambia, chukua lile jiwe, limenichosha. Alilia yule bwana. Kwa hiyo ugomvi huo umekwisha, na asiufufue mtu kwa kisingizio cha kunipenda.

"Mashine ya kufyatulia tofali si yangu, ingawa imelala uani kwangu muda wote. Ni ya kikundi chetu cha ujenzi. Asiiingize mtu kwenye urithi, wala asiifungie. Nadaiwa dirisha na mjane wa fundi bomba. Nilimwahidi dirisha la jikoni kwa sababu moshi unamla macho, na maradhi yakanikamata kabla. Randa, fremu umekwisha kuitengeneza?"

Seremala akatoa kofia mdomoni. "Ipo tayari, Sajini. Inasubiri mtu wa kutoboa ukuta."

"Basi itobolewe wiki hii, asije akaja mazishini kwangu na macho mekundu, watu wakadhani alikuwa mpenzi wangu."

Mama mkwe akaifinya miguu aliyoishika. "Hata leo huna aibu wewe," akasema, sauti ikimkatika kati ya kicheko na kilio.

Mkamwana hakucheka. Alikuwa anatazama mkono wa mumewe, ambao kidole gumba chake kilikuwa kinakwaruza, kinakwaruza kwenye kiungo kati ya tofali na tofali. Mzee hakuwa amemgusa mwanawe kwa maneno bado. Alikuwa anamzunguka kwa mbali, kama mtu anayepima kiwanja kabla ya kupigilia vigingi.

"Niliporudi vitani," Sajini akaendelea, "sikujua kazi yoyote ila kubomoa. Jeshini niliwekwa kikosi cha kuvunja madaraja na kuta, na nilikuwa nafahamu vizuri sana ukuta unaangukaje. Nilikaa barazani kwa baba yangu nikitazama barabara, mwili ukiruka kila mlango ulipobamizwa, mama yenu akiniwekea chakula na kukiondoa, mpaka mvua ilipoangusha nyumba ya mama mmoja jirani, na watu wakaja kumpa pole mikono imo mifukoni. Sijui ni nini kilichoniinua. Nilivua shati nikaanza kutenga tofali nzima na tofali zilizovunjika. Kesho yake akaja Randa, wakati huo alikuwa kijana mwenye nywele."

"Ninazo hata sasa," Randa akasema, "zimehamia masikioni."

"Uma kofia! Akaja Randa na msumeno wa kuazima, akaja marehemu fundi bomba, wakaja wanawake na ndoo, na nyumba ile ikasimama, na baada ya hiyo hatukuweza kuacha. Hivyo ndivyo kilivyoanza kikundi, hatukukaa mkutano wala kuchagua mwenyekiti. Tulijengea wajane, tukajengea walemavu, tukajengea askari wenzangu waliorudi hawana pa kulaza kichwa. Na tulikuwa na taratibu ambazo ninyi mmekulia ndani yake. Hakuna anayelipwa. Mwenye nyumba ndiye anayebeba maji ya kukorogea saruji, awe mzee, awe nani, ili nyumba imjue. Na kila nyumba iwe na milango miwili, wa mbele na wa nyuma, hata iwe nyumba ya chumba kimoja."

Hapo akavuta pumzi, na mkamwana akamhamishia mtoto kwenye titi la pili. Kidole cha mumewe kilikuwa kimeacha kukwaruza.

"Hiyo milango miwili," Sajini akasema polepole, "mmekuwa mkisema ni ya upepo. Wanawake walinisifu sana, wakidhani nimewafikiria, waweze kwenda uani bila kupita mbele ya wageni. Nikaacha iwe hivyo. Hata mama yenu sikumwambia. Leo nawaambia, na nitasema mara moja tu.

"Tulikuwa tumelala katika nyumba ya mtu aliyekimbia, upande wetu wa mto. Nyumba nzuri, kuta nene, vyumba viwili na mlango mmoja. Asubuhi kulipopambazuka walianza kutupiga kutoka ng'ambo, na risasi zote zilikuja pale pale mlangoni, kama wadudu kwenye taa. Moshi ulikuwa umeingia paani. Ndani tukakohoa, nje tukapigwa. Mdogo wangu ndiye aliyetoka wa kwanza. Watu wa kutunga sifa walisema baadaye kwamba alitoka kwa ushujaa. Alitoka kwa sababu alikuwa amelala karibu na mlango, na alikuwa na kifua tangu utoto, hakuweza moshi. Hakufika hata ngazi. Sisi tuliobaki tulivunja ukuta wa nyuma kwa matako ya bunduki na kwa kucha, na tulipopata tundu la kupenyeza bega tulitoka kupitia hapo, mmoja mmoja, na mimi nilipokuwa napenya nilimwona kwa upande ule mwingine, miguu yake iko ndani na kichwa kiko nje. Ukuta ule ulikuwa wa udongo na mawe. Ulichukua muda mdogo sana kuvunjika. Kungekuwa na mlango pale, mdogo wangu angekuwa mzee mwenye kitambi leo, anakaa pale alipokaa Randa, ananikatiza maneno."

Mama mkwe alikuwa ameiacha miguu ya mumewe na kushika mdomo wake kwa mikono yote miwili. Mtoto akanyonya, akavuta pumzi, akanyonya.

"Sasa nasikia," Sajini akasema, "kwamba kuna nyumba ya kikundi yenye mlango mmoja."

Mwashi akainua kichwa. Hakumtazama baba yake. Alitazama chumba kizima, uso kwa uso, akitafuta. Macho yake yalimpita dada yake, yakampita mama yake, yakaanza kumjia mkewe, naye akamvuta mtoto karibu zaidi kifuani. Alifungua mdomo aseme mwenyewe, yaishe.

"Usihangaike kutafuta, kijana," Randa akasema, akiizungusha kofia mkononi. "Unajua mtaa huu una mdomo mmoja usio na komeo. Huu hapa."

Mwashi akamkazia macho. "Kumbe wewe, fundi."

"Ndiyo mimi. Ukitaka kunipiga subiri nivue miwani, ni ya mkopo."

Randa hakuwa amekanyaga nyumba ile wiki nzima. Alikuwa nyumbani anahangaika na fremu. Mkamwana alilijua hilo, na Randa alijua kwamba analijua, lakini hakumtazama hata kidogo. Aliirudisha kofia magotini na kuilaza vizuri kama mtu aliyekamilisha kazi ndogo. Mkamwana akainamisha uso juu ya kichwa cha mwanawe ili machozi yaangukie huko.

"Sema, mwanangu," Sajini akasema. "Nimesema asinikatize mtu ila kwa jambo la lazima. Lako ni la lazima."

Mwashi aliurudisha mgongo ukutani. Kisha sauti yake ikatoka nzito, kama iliyolala na nguo za kazi.

"Baba mdogo alikuwa ananibeba mabegani. Nakumbuka mpaka harufu ya kofia yake. Siku anaondoka aliniambia, kaa hapa hapa kwenye ngazi, nikirudi nikukute. Nikakaa. Mama aliniingiza ndani kwa nguvu usiku. Baba, umeniambia mjengee yule, nikajenga. Mjengee huyu, nikajenga, sikuuliza. Ukaniambia nimjengee na huyu." Hakuelekeza kidole mlangoni, lakini shingo zote zilitaka kugeuka. "Nimemwekea msingi. Nimempandishia kuta, zimenyooka, njoo na timazi upime. Nimemmwagia linta. Mlango wa pili ndio ulionishinda. Kila mtu anajua nyumba ya milango miwili ni nyumba yetu. Sikutaka watu wapite pale waseme, hii nayo ni ya Sajini. Nyumba anayo. Atalala hanyeshewi. Yetu isiwe."

"Habari ya nyumba ile ya mtoni ulikuwa huijui."

"Sikuijua."

"Kwa hiyo ulitaka kumnyima kitu kidogo, na hukujua umempa nyumba kama ile."

"Wewe ndugu yangu uliye mlangoni," Sajini akasema, "sogea nikuone."

Mzee wa Ng'ambo akasimama, kopo likaanguka na kubingirika kwa kelele iliyomshtua mtoto. Akaliokota kwa haraka kama aliyevunja kitu cha watu, akalisimamisha kizingitini. Wifi, ambaye hata yeye alikuwa hajawahi kumpa mtu huyo zaidi ya salamu ya midomo, akainuka, akavuta kile kiti alichokikataa kaka yake, akakifuta kwa mkono, akakiweka karibu na kitanda. "Kaa, baba," akasema. Mzee wa Ng'ambo akakaa pembeni mwa kiti, kama atakayefukuzwa.

"Uliona mlango wako ukizibwa?"

"Niliona."

"Ukafanya nini?"

"Nilileta maji," Mzee wa Ng'ambo akasema. "Fundi alisema saruji inakauka, maji hayatoshi. Nikaenda kuleta mengine."

Mkamwana akamwona mumewe akifumba macho.

"Mwanangu anataka kujua jambo ambalo mimi nilikuuliza zamani," Sajini akasema. "Mjibu kama ulivyonijibu mimi. Asubuhi ile, pale mtoni, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ulipiga?"

"Nilipiga. Tulipiga sote. Tuliambiwa, pigeni mlango." Akaushika ukingo wa kiti. "Niliona watu wakianguka. Nani alimwangusha nani, sijui. Wala sisemi si mimi. Nimejaribu kukumbuka iwe si mimi, na siwezi."

Chumba kikawa kidogo. Mwashi alitoka ukutani kwa hatua moja, na mama yake akaita jina lake la utotoni, kwa sauti ya chini, lile la kumwita mtoto anayekaribia moto. Akasimama pale pale. Mikono yake, ile mikono mipana yenye saruji kwenye mistari, ilikuwa inafunguka na kujifunga.

"Mmesikia," Sajini akasema. "Hanidanganyi. Huenda ni yeye, huenda si yeye, nami nitakufa sijui, na siku ile hata mimi nilikuwa na bunduki na sikuwa nachuma maua. Alikuja mtaani hapa na wajukuu wake, wazazi wao wote wawili wamezikwa, akalala nao kwenye ghala la magunia. Mlileta habari yake wenyewe hapa mezani kwangu. Nikafikiri siku nyingi. Sikufikiri juu ya msamaha, hilo ni neno kubwa na mimi nimechoka. Nilifikiri tu, watoto wale wakilala, na moto ukiwaka mbele, watatokea wapi?"

Sauti yake ikaanza kukwama. Mkamwana akamkabidhi wifi mtoto, akamnyanyua mzee kidogo na kumpa maji kwa kijiko kama alivyozoea. Mzee akameza, akamgusa kiganja, akamwachia.

"Mwanangu, nina swali moja la ufundi. Ulipojaza pale mlangoni, ulifunga meno?"

Katika chumba kile kila mtu alilielewa swali, maana wote walikuwa wamekulia kwenye tofali. Fundi akitaka kuziba tundu liwe ukuta milele, huchimba kingo za ukuta wa zamani, tofali mpya ziingie ndani yake kama vidole vya mikono miwili vilivyofumana. Asipofanya hivyo, tofali husimama tu katikati, zimebanwa na saruji kidogo pembeni, na mtu mmoja mwenye nyundo anaweza kuzitoa.

"Nakuuliza, fundi. Ulifunga meno?"

"Sikufunga," mwashi akasema, na sauti ilikuwa ndogo.

"Kwa nini? Nilikufundisha. Unaweza kuifanya kazi hiyo umefumba macho."

"Sijui, baba."

"Basi na tuseme hujui." Sajini akalaza kichwa kwenye mito. "Kesho kutwa mabati yanapanda. Kabla ya hapo nataka mlango ule ufunguliwe. Hilo ndilo neno langu kwako, na sina lingine."

"Na nisipofungua?"

Mama mkwe akasema, "Ee Mungu," kwa ndani. Wote walijua kinachoweza kufuata. Wazee huaga dunia na kuacha neno lililomfunga mtoto mpaka naye akawa mzee. Kila mmoja pale alikuwa amewahi kumsikia mtu aliyenyimwa radhi, jinsi alivyoishi kama mwenye kiatu cha kubana. Mkamwana alimwombea mumewe kimoyomoyo, na wakati huo huo alimkasirikia kwa kuuliza.

"Usipofungua," Sajini akasema, "utakuwa mwanangu ambaye hakufungua. Unataka nikunyime radhi? Radhi yangu unayo. Nakupa sasa hivi, mbele ya hawa, kabla hujasema ndiyo wala hapana. Umenibeba kutoka bafuni kama mtoto. Umejenga kuta zilizonyooka kuliko zangu, ila sikukwambia, usije ukaota pembe. Siuzi radhi kwa mlango. Wala vifaa vyangu sivishiki dhamana. Mwiko wangu ni wako, timazi ni yako, pimamaji ni yako, ufungue, usifungue. Sasa huna kitu cha kugombana nami. Lililobaki ni lako na ukuta."

Mwashi alibaki amesimama. Uso wake ulikuwa umekunjwa kama wa mtu anayebeba mzigo uliokosa pa kushikia. Alimtazama baba yake, akamtazama yule aliyekaa kitini, akageuka. Alitoka kwa mlango wa mbele, akaliruka lile kopo, na wakasikia viatu vyake vikishuka ngazi na kupotelea barabarani.

"Amekwenda kilabuni," wifi akasema kwa uchungu.

"Mwacheni aende anakokwenda," Sajini akasema. "Mimi bado naongea. Mnisogelee, sauti inanikimbia."

Wakamsogelea. Maneno yake sasa yalitoka moja moja, na kati ya neno na neno palikuwa na nafasi ya mtu kuogopa.

"Kikundi kisife. Msikigeuze kampuni. Randa, ukichoka… useme umechoka, usijifanye kijana. Binti yangu, wajukuu wa huyu wanakwenda shule na nguo zilizochanika. Una vipande vingi pale kwenye cherehani. Wewe mama watoto… nilikuwa naruka mlango ukibamizwa, na tangu siku ile uliifunga milango yote ya nyumba hii kwa mkono, polepole, mpaka leo. Sikukushukuru. Niliisikia kila mara."

Mama mkwe akalaza paji la uso kwenye magoti ya mumewe.

"Mkamwana wangu. Kiti changu cha barazani ni chako, unyonyeshee pale, kina mahali pa kuegemeza kiwiko. Na mumeo akinuna… usitembee kwa ncha za vidole. Tembea kwa kisigino. Asikie kuna watu."

Kisha akainua kidole. "Nyamazeni."

Mtoto alikuwa amelala begani mwa wifi. Nje mtu alikuwa anachota maji, baiskeli ilipita, mtoto wa jirani alikuwa anasoma kwa sauti masomo ya shule. Mkamwana aliyasikiliza yote, akayatenga moja moja, akitafuta nyuma yake sauti moja tu, na haikuwapo. Ilikaa bila kuwapo muda mrefu sana. Mzee wa Ng'ambo alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, kama anayesubiri kuitwa na daktari. Macho ya Sajini yalijifumba, na mama mkwe akamwekea kiganja kifuani kuona kama kinapanda.

Ndipo nyundo ikapiga. Mara moja, ikaacha, kana kwamba mpigaji naye ameshtushwa. Kisha ikapiga tena, na tena, na chini yake ukasikika mlio mkavu wa tindo likiingia kwenye saruji.

Randa alikuwa ameiuma kofia kweli sasa.

"Anaanzia chini," Sajini akasema, macho bado yamefumbwa. "Mwambieni… aanzie juu, chini ya linta. Zitamwangukia miguuni."

Randa akaondoka kwa haraka, akajigonga goti kwenye kitanda, akakiomba radhi kitanda badala ya mtu, akatoka. Mzee wa Ng'ambo akainuka nusu. "Na mimi niende? Nikambebee tofali?"

"Leo usiende. Leo mwache apige peke yake." Sajini akanyoosha mkono, akaukosa mkono wa mwenzake, akaupata. "Wewe kaa. Kiti umekwisha kupewa."

Nyundo iliendelea. Ilianza kwa hasira, pigo juu ya pigo, halafu ikatulia, ikawa ya kazi.

"Wanangu," Sajini akasema, na walilazimika kuinama. "Nizikeni bila bendera. Mnizike na shati la kazi, lile lenye kiraka. Msikae matanga marefu, mvua iko karibu na paa halijapanda. Mungu awape… mikono yenye afya. Awape majirani. Mlale salama, na kila mlipo… muwe na pa kutokea." Akapumua. "Mama watoto, nifunike miguu."

Mama mkwe akaifunika, akalikunja blanketi pembeni kama linavyokunjwa la mtoto.

Alifariki alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo na shati lenye kiraka. Nyumba ya Mzee wa Ng'ambo iliezekwa kabla ya mvua, na mwashi, ambaye hakuwahi kunywa hata maji ndani yake, ndiye aliyetia bawaba za mlango wa nyuma.